Kutoka matangani hadi studioni: Mbona bado naskiza ‘Liege & Lief’

KAMA umewahi kumzika beshte, unaijua ile siku ya pili baada ya mazishi. Hema limerudishwa kwa mwenyewe, sufuria za kuazima zimeoshwa, jamaa wa mbali wameondoka. Wewe uko ndani ya matatu ukirudi Nairobi, simu mkononi, na mtu ambaye ungempigia kumwambia vile umechoka ndiye mmemwacha kule shambani.

Yangu ilikuwa safari ya kutoka Siaya. Rafiki yangu aligongwa usiku akiwa kwenye boda, akitoka kazini. Alikuwa na miaka 24. Tulisoma pamoja, tukapanga nyumba moja, na kati yetu sote yeye ndiye alikuwa mtu wa muziki. Akikupata na spika za masikioni lazima akuulize unaskiza nini, na ukimjibu lazima akuonyeshe kitu kingine.

Ndani ya ile matatu nilifungua WhatsApp yake. Nilitaka tu kusoma stori zetu za mwisho. Nikapandisha juu, nikapita mzozo wetu wa tokeni za stima, nikafika mahali alikuwa amenitumia wimbo miezi mitatu nyuma. Chini yake ameandika: “Skiza mpaka mwisho. Usiruke.”

Sikuwa nimeuskiza. Si unajua vile hufanyika? Mtu anakutumia ngoma ya Wazungu wa kitambo, unaona ni dakika nane, unamjibu kwa emoji ya moto halafu unaendelea na shughuli zako.

Nikauskiza hapo, mahali kati ya Nakuru na Naivasha. Ulikuwa ‘Matty Groves’, wa bendi ya Uingereza inayoitwa Fairport Convention, kutoka kwa albamu yao ‘Liege & Lief’ iliyotoka Desemba 1969. Usiku huo nikatafuta albamu nzima. Sijaiacha tangu hapo, na leo nataka nikueleze kwa nini, hasa wewe unayeamini kwamba muziki wa zamani ni wa watu wa zamani.

Vijana wa mtaa mmoja

Kwanza uwajue wahusika. Usiwaze wazee wenye mvi. Bendi hii ilianza 1967 Muswell Hill, mtaa wa kaskazini mwa London. Walikuwa wakifanyia mazoezi kwenye nyumba iliyoitwa Fairport, nyumbani kwao Simon Nicol, mpiga gitaa wao. ‘Convention’ ni mkutano. Kwa hivyo jina lenyewe halina maajabu: ni mbogi inayokutana pale Fairport.

Kulikuwa na Ashley Hutchings kwenye gitaa la besi. Kulikuwa na Richard Thompson, kijana mpole mwenye vidole hatari vya gitaa. Kwenye dramu alikuwa Martin Lamble. Mwaka wa 1968 akaja Sandy Denny, mwimbaji aliyekuwa amewahi kufanya kazi hospitalini akisomea uuguzi. Sauti yake ni ngumu kuieleza. Hapigi mayowe, halazimishi. Anaimba kama mtu anayekusimulia jambo jikoni, halafu ghafla unagundua umeacha kula.

Na walikuwa wakiimba nini? Muziki wa Marekani. Walipenda Bob Dylan, walipenda Joni Mitchell, na watu wakawaita majina ya bendi za California. Wimbo wao uliopenya kwenye chati za Uingereza 1969 ulikuwa wa Dylan, wameutafsiri kwa Kifaransa. Fikiria hapo: Waingereza wanaimba wimbo wa Mmarekani kwa Kifaransa! Walikuwa hodari, ila walikuwa wameazima kila kitu.

Hapa usiwacheke. Ni wangapi kati yetu hurap kwa lafudhi ya Atlanta na hata Malaba hatujavuka?

Usiku wa Mei 12

Mnamo Mei 12, 1969, wakirudi London usiku baada ya kutumbuiza Birmingham, gari lao lilipata ajali kwenye barabara kuu ya M1. Martin Lamble alifariki. Alikuwa na miaka 19. Alifariki pia Jeannie Franklyn, mbunifu wa mavazi aliyekuwa mpenzi wa Richard Thompson. Waliosalia ndani ya gari waliumia. Sandy hakuwemo.

Jeannie alijulikana sana na wanamuziki. Jack Bruce, aliyekuwa wa bendi ya Cream, aliipa albamu yake ya mwaka huo jina ‘Songs for a Tailor’ kwa kumkumbuka, maanake nyimbo za fundi wa nguo.

Sasa jiweke hapo. Una miaka 20, kama Thompson wakati huo. Umepoteza mpenzi na mpiga dramu wako usiku mmoja. Julai inafika, albamu mliyorekodi kabla ya ajali, ‘Unhalfbricking’, inaingia madukani. Watu wanaicheza, na kwenye kila wimbo unamskia marehemu akipiga dramu. Ungefanya nini? Wengi wangefunga virago. Nao walifikiria hivyo.

Walipoamua kuendelea, hawakutaka kurudia zile nyimbo walizokuwa wakipiga na Martin. Walihitaji kitu kipya. Walichochagua kilikuwa na miaka mia kadhaa.

Nyumba ya Hampshire

Produsa wao, Mmarekani Joe Boyd, aliwapangia nyumba kubwa mashambani, mahali panapoitwa Farley Chamberlayne, karibu na mji wa Winchester. Wakahamia huko majira ya joto ya 1969. Waliishi pamoja, wakala pamoja, wakafanya mazoezi kutwa.

Walikuja na watu wawili wapya. Kwenye dramu wakamchukua Dave Mattacks, aliyekuwa akipigia bendi za dansi. Kwenye fidla wakamleta Dave Swarbrick, mkubwa wao kwa umri, miaka 28, ambaye tayari alikuwa na jina miongoni mwa wapigaji wa nyimbo za jadi. Alikuwa amewasaidia kwenye ‘Unhalfbricking’. Sasa akawa mmoja wao.

Hutchings naye akageuka mwanafunzi. Alikuwa akienda Cecil Sharp House jijini London, jumba lenye maktaba lililopewa jina la Cecil Sharp, mtu aliyezunguka vijijini mwanzoni mwa karne ya 20 akiandika nyimbo kutoka kwa vinywa vya wazee kabla hazijapotea nao. Kulikuwa pia na vitabu vya profesa Francis James Child wa Harvard, aliyekusanya tenzi 305 za masimulizi za Uingereza na Scotland. Ndani ya kava la albamu bendi iliweka picha na maelezo ya kuwakumbuka watu kama hawa.

Jambo lingine lilikuwa limewasukuma. Mwaka wa 1968 kundi la The Band lilitoa ‘Music from Big Pink’, na vijana wa Fairport wakaskia Wamarekani wakichimba udongo wao wenyewe kwa ustadi ambao Mwingereza hangeweza kuuiga. Basi wakaamua kuchimba wa kwao.

Septemba walizipiga nyimbo hizo kwenye ukumbi wa Royal Festival Hall, London. Oktoba na Novemba wakaingia studio ya Sound Techniques, mtaa wa Chelsea. Kampuni iliyotoa albamu ni Island, ile ile iliyoanzia Jamaica na ambayo baadaye ilimpeleka Bob Marley kote duniani. Jina ‘Liege & Lief’ ni Kiingereza cha mababu. Maana yake ni mwaminifu na aliye tayari.

Nyimbo zenyewe

Ziko nane, kama dakika 40. Wimbo wa kwanza, ‘Come All Ye’, ni Sandy na Hutchings walioutunga. Unaita watu kama MC wa harusi anavyowaita wapigaji mmoja mmoja, na kila chombo kinaingia kikitajwa. Unaweza kuskia wanajilazimisha kuchangamka. Mimi nauskia kama mtu aliyetoka matangani akavaa shati safi, akaambia wenzake twendeni.

Kisha mambo yanatulia. ‘Reynardine’ ni wimbo wa jamaa mtanashati mwenye meno yanayometameta anayemvuta msichana mlimani. Ni mtu au ni mbweha? Nyanya wa Pwani hangekuwa na shida: angekuambia huyo ni jini na angekuonya usifuate sauti usiku.

Halafu ‘Matty Groves’, ile niliyotumiwa. Sikiza hii stori. Ni sikukuu, mke wa bwana tajiri anaenda kanisani, anamwona kijana maskini anayeitwa Matty, anamwalika nyumbani. Mfanyakazi anasikia, anakimbia mpaka avuke mto aende kumwambia bosi. Bosi anafika, anawakuta wamelala. Anamwamsha kijana, anampa upanga wapigane. Matty anamjeruhi vibaya, bosi anamuua. Anamuuliza mkewe: sasa unampenda nani? Mwanamke anamwambia machoni kwamba anampenda yule maiti. Naye anauawa. Wanazikwa kaburi moja, lakini bwana anaagiza mkewe alazwe juu kwa sababu alitoka ukoo wa heshima. Hata kaburini kuna tabaka! Umbea, mapenzi, pesa, kisu: mtaa wowote wa Nairobi ungekupa hadithi hiyo kabla ya jioni.

Sandy anaisimulia bila kulia. Maneno yakiisha, bendi haisimami. Gitaa la Thompson na fidla ya Swarbrick vinafukuzana kwa dakika kadhaa, dramu zikichochea nyuma. Hapo ndipo nilielewa kwa nini niliambiwa nisiruke. Kuna uchungu ambao maneno yakishamaliza kuusema unabaki bado, na hao wasee waliupa mahali pa kukimbilia.

Sitakudanganya, si kila kitu kilinishika mara ya kwanza. ‘The Deserter’, hadithi ya askari anayetoroka jeshini, anachongewa na rafiki halafu na mpenzi wake, ilinichosha nikaipita mara tatu kabla ya kuipa nafasi. Kiingereza chenyewe ni cha kale, na kuna mistari utaitafuta maana kwenye simu. Vumilia. Ule mchanganyiko wa miondoko minne ya densi bila maneno utakuamsha. Swarbrick anaendesha fidla kama dereva wa matatu ya Rongai saa kumi na mbili jioni, na Mattacks hamwachi hata hatua moja.

Nyimbo mbili ndizo zilizonikalisha chini. Thompson ndiye aliyeziandika maneno. ‘Farewell, Farewell’ ni fupi, ameuvika maneno mapya wimbo wa zamani, na ni wa kuagana. ‘Crazy Man Michael’ ndio unaofunga albamu, muziki ukiwa wa Swarbrick. Ndani yake mwanamume anabishana na kunguru anayemtabiria kwamba atamuua mpenzi wake. Kwa hasira anamuua kunguru. Akiangalia chini, aliyelala pale ni mpenzi wake. Michael anarukwa na akili, anatangatanga.

Uandike huo ukiwa na miaka 20, miezi michache baada ya M1. Thompson hataji gari, hataji barabara, hataji jina la mtu. Ametumia kunguru. Nilipouskia mara ya kwanza nilielewa kitu ambacho hakuna mtu aliniambia kule Siaya: hadithi ya zamani inaweza kukubebea jambo ambalo mdomo wako haujaweza kulitaja.

Shika mpaka asubuhi

Lakini wimbo ninaourudia zaidi ni ‘Tam Lin’. Una gitaa zito, na mapigo yake hayakai sawa: ukidhani umeyashika, yanasukuma mbele. Ni hadithi ya msichana anayeitwa Janet anayeingia msitu uliokatazwa wa Carterhaugh, kule Scotland. Anakutana na Tam Lin, mwanamume aliyetekwa na malkia wa viumbe wa msituni. Janet anapata mimba. Tam Lin anamwambia kuna njia moja tu ya kumwokoa. Usiku fulani watapita juu ya farasi. Aachilie farasi weusi wapite, aachilie wa kahawia, akimbilie mweupe, amvute aliye juu yake na kumkumbatia.

Na asimwachilie. Kwa sababu watamgeuza. Mikononi mwake atakuwa nyoka. Atakuwa simba. Janet anashika tu. Mwishowe yule kiumbe anakuwa mtu tena, uchi, na Janet anamfunika.

Ukifiwa unajua hao wanyama. Wiki hii huzuni ni nyoka, wiki ijayo ni simba, siku nyingine ni usingizi wa mchana kutwa. Kwa muda mrefu nilidhani funzo la albamu hii ni kwamba usiachilie kamwe. Kisha nikasoma vile mambo yaliisha.

Albamu ilipotoka Desemba, Hutchings na Sandy walikuwa tayari wameondoka. Hutchings alitaka kuzama zaidi kwenye nyimbo za jadi, akaenda kuanzisha Steeleye Span. Sandy alitaka kuimba tungo zake mwenyewe, akaunda Fotheringay. Kile kikosi cha Farley Chamberlayne kilidumu miezi michache tu. Albamu ilifika nambari 17 kwenye chati ya Uingereza. Mwaka wa 1971 Sandy aliimba na Led Zeppelin kwenye ‘The Battle of Evermore’. Aliaga dunia 1978 baada ya kuanguka, akiwa na miaka 31.

Mara ya kwanza kusoma hayo nilikasirika. Yaani walishikana hivyo halafu wakatawanyika? Lakini rudi kwa Janet. Hakuambiwa amkumbatie maisha yake yote. Aliambiwa amshike usiku mmoja, mpaka awe mtu. Wale vijana walishikana mpaka kazi ikaisha, na kila mmoja akaweza kusimama. Thompson alitunga nyimbo miaka zaidi ya hamsini baadaye. Swarbrick aliishi hadi 2016, na hata alipata bahati ya kusoma tanzia yake mwenyewe mnamo 1999 baada ya gazeti moja kubwa kumtangaza marehemu kimakosa akiwa hospitalini. Mwaka wa 2006 wapigakura wa tuzo za muziki wa jadi za BBC Radio 2 waliitaja ‘Liege & Lief’ kuwa albamu ya jadi yenye ushawishi mkubwa zaidi. Mwaka uliofuata bendi iliipiga yote jukwaani kwenye tamasha lao la Cropredy, Chris While akiimba sehemu za Sandy.

Na sisi je?

Utaniuliza, haya yanatuhusu nini? Jambo hili lilishafanyika hapa, na kwa ustadi. Benga ni nini kama si vijana waliochukua vile nyuzi za nyatiti zinavyodonolewa wakazihamishia kwenye gitaa la umeme? Ayub Ogada alibeba nyatiti akafika nayo mbali, na ‘Kothbiro’ yake ikaingia kwenye filamu ya ‘The Constant Gardener’ ya 2005. Hata arbantone, kwa njia yake, ni watoto wanaofufua midundo waliyoikuta.

Nitakuambia kilichoniaibisha. Usiku wa kuamkia mazishi, nyanya yake marehemu alisimama akaimba. Wimbo wa matanga, wa zamani, na wanawake wa rika lake wakamwitikia. Sisi mabeshte wa Nairobi tulisimama na simu zetu, hatujui maneno, hata wale wa kwao hawakujua. Tulisubiri amalize ndio spika ipigwe nyimbo za injili.

Desemba iliyopita nilirudi. Nikamwambia, “Dani, naomba uniimbie ule wimbo, niurekodi.” Alinitazama kitambo. Akauliza kama mjukuu wake ndiye amenituma. Nikamwambia ndiyo, kwa namna fulani. Akaimba. Una sehemu nyingi kuliko nilivyokumbuka, na katikati kuna mahali jina la marehemu huwekwa. Sasa uko kwenye simu yangu, dakika kumi na moja, jogoo akiwika mara mbili.

Kwa hivyo hii ndiyo kazi yako wikendi hii. Tafuta ‘Liege & Lief’. Anza na ‘Matty Groves’, nenda ‘Tam Lin’, malizia ‘Crazy Man Michael’, kisha urudi mwanzo uskize yote kwa mpangilio. Ukimaliza, fungua WhatsApp yako, upandishe juu. Lazima kuna wimbo ulitumiwa na mtu ukamjibu kwa emoji. Uskize leo mpaka mwisho, halafu umpigie umwambie ulivyouona.